Siku za mbalamwezi unakula nini?

Kuna mzazi kaniuliza kwenye kikao cha shule, tena kwa sauti ya kusikika na wote, "madam, mi mwanangu nimemleta hapa asome, we unampeleka soko la samaki la Mwaloni kunusa dagaa, hiyo ni elimu gani?" Watu wakacheka, na mi nikacheka, ila swali lake sio la kijinga na nimeona bora nilijibu hapa kwa urefu manake kikaoni muda ulikua mdogo na ajenda iliyofuata ilikua michango ya chakula, na mnajua ajenda ya michango ikishaingia hamna tena mtu anayesikiliza kingine.

Mi ni mwalimu wa masomo ya biashara kwenye shule moja ya kata huku Ilemela, Mwanza, na kwa muda sasa nimekua nikiwatoa wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu kwenda kukaa kwenye biashara za watu. Nasema kukaa, sio kutembelea, wanakaa toka asubuhi mpaka mchana wakiangalia hela inavyoingia na inavyotoka. Saivi kila mtu anaimba ujuzi, mtaala mpya ulioanza 2024 umekuja na mkondo wa amali kabisa, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, nakubali ni jambo zuri, lakini huku madarasani bado tunaandika ubaoni "sifa za mjasiriamali" kuanzia a mpaka j, mtoto anakariri mthubutu, mbunifu, mvumilivu, anapata na A yake safi, alafu anamaliza kidato cha nne hajui kwamba fremu ya biashara mjini inalipiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na kabla hata ya kodi yule aliyekuwepo anaweza kukudai kilemba ndo akuachie hiyo fremu. Mtu anaingia mtaani na milioni moja ya kiinua mgongo cha babake anadhani ana mtaji, kumbe ana kilemba tu, tena hakitoshi.

Ngoja nianze na ziara za aina ambayo mi siipendi. Kuna kampuni moja kubwa hapa mjini, siitaji, walitupokea vizuri mno, ukumbi una kiyoyozi, projekta, video ya kampuni yenye mziki wa kusisimua, meneja wa masoko kaongea, meneja wa rasilimali watu kaongea, watoto wamepewa soda na kofia, tumepiga picha ya pamoja nje kwenye bango. Kesho yake darasani nikauliza, haya, ile kampuni inapata hela kutoka wapi na inazitumia kwenye nini? Kimya. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akasema, "kwa kujituma, madam." Siwalaumu watoto na wala siilaumu kampuni, wao walitimiza ustaarabu wao wa kupokea wageni, ila unaona shida ilipo, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayewaonyesha wageni wa siku moja mahali ambapo biashara yake inavuja.

Na hata wafanyabiashara wetu wa kawaida ukiwapa nafasi ya kuhutubia wanabadilika kabisa. Mtu unamjua, unanunua kwake kila siku, ukimwambia tu "waambie vijana ulikotoka" anavaa koti la semina, anaanza, "mimi nilianza na shilingi elfu tano tu." Mashemeji waliotoa fremu bure hawatajwi, kaka aliyekua Dar anamtumia mzigo kwa mali kauli hatajwi, ni elfu tano na Mungu tu. Wanafunzi wanapiga makofi. Saivi nimeshawazoesha, mtu akisema nilianza na elfu tano, wanamuuliza kwa adabu, "shikamoo, samahani baba, na kodi ya fremu ya kwanza nani alilipa?" Baadhi ya wazee wanacheka sana, na hapo ndo stori ya kweli inaanza.

Kwaiyo utaratibu wangu ni mmoja, tunaenda kwenye biashara ndogo au ya kati, tunaenda wachache, na naomba mapema kabisa tuone daftari. Kama mwenye biashara hataki daftari lionekane, sawa, ni haki yake, lakini basi aturuhusu tuhesabu wenyewe wateja wanaoingia. Hotuba naikataa kistaarabu.

Sasa niwapeleke Igombe kidogo, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Kuna mama mmoja pale mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, anaanika dagaa, namfahamu kupitia kanisani, mama wa Kisukuma mcheshi hatari, nikamuomba nimletee watoto. Akasema waje ila wasivae viatu vya shule vya kung'arisha. Tukafika asubuhi mitumbwi imesharudi, dagaa wabichi wanashushwa kwenye ndoo, bei inapigwa pale pale kwa kelele, na watoto wangu wamesimama wamekunja mikono kama wakaguzi. Kitu cha kwanza walichojifunza ni kwamba bei haikai. Mtumbwi wa kwanza ukifika peke yake bei ipo juu, ikiingia mitumbwi sita kwa pamoja bei inashuka ndani ya muda mfupi, mama anajua kuusoma huo mchezo, anakaa pembeni anajifanya ana shughuli na kanga yake huku jicho lipo ziwani anahesabu mitumbwi inayokuja. Ugavi na mahitaji nimefundisha mara nyingi kwa kuchora ile mistari miwili inayokatana, ila sijawahi kuona darasa likielewa vile.

Kitu cha pili, dagaa akikauka anapungua. Unahitaji kilo tatu na zaidi za wabichi kupata kilo moja ya wakavu. Watoto wangu walikua wameshapiga hesabu za faida kwenye daftari kwa kuchukua bei ya ndoo ya mbichi na bei ya ndoo ya mkavu kana kwamba ndoo inabaki ndoo, wakamwambia mama "mama, wewe ni tajiri." Mama akacheka mpaka akakaa chini. Akawaambia haya pigeni tena, mkitoka hapo mtoe na nauli ya kupeleka sokoni Mwaloni, mtoe ushuru, mtoe hela ya vijana wanaonisaidia kugeuza, mtoe na wale kunguru. Kweli kunguru wapo, na yangeyange pia, kuna mtoto wa miaka kama kumi na mbili kazi yake ni kuwafukuza tu, na hapo tukapata mjadala mwingine kwanini yule hayupo shule siku ya kazi, mjadala ambao sikuuandaa na mama mwenyewe aliujibu kwa ukali kidogo, tuuache.

Alafu kuna suala la mchanga. Anayeanika chini kwenye mchanga gharama yake ni ndogo lakini dagaa wake wana mchanga na bei yake ipo chini, anayeanika kwenye chanja, zile meza za miti na wavu, dagaa wanakauka haraka na wasafi na wanunuzi wa mjini wanalipa zaidi. Binti mmoja akauliza sasa kwanini wote wasitengeneze chanja? Mama akamuangalia akasema, "mwanangu, chanja ni hela ya leo, bei nzuri ni hela ya kesho, na mi leo hii nina mtoto yupo hospitali ya Bugando." Binti akaandika. Na mvua ikinyesha dagaa wapo chini wanaharibika, hao wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, mzigo ule ule, jasho lile lile, bei nusu au chini ya hapo.

Ila swali lililonifanya nijue watoto wameanza kuwa na jicho lilitoka kwa dogo mmoja mkimya, yule ambaye darasani unaweza ukasahau yupo. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani zilikua karabai za mafuta ya taa saivi wengi wanatumia taa za betri na sola, dagaa wanaifuata ile taa kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kukusanyika kwenye taa yako, kwaiyo wavuvi wanapaki mitumbwi wanasubiri giza lirudi. Dogo kasikia hayo, katulia, alafu akauliza, "shikamoo mama, sasa siku za mbalamwezi unakula nini?"

Aisee. Mama alibadilika, akaacha utani, akavuta ndoo akaikalia kama kigoda, akaanza kueleza kitu ambacho mi mwenyewe na digrii yangu ya biashara nilikua sijawahi kukifikiria vizuri. Kwamba mwezi wake hauna wiki nne za kazi, una vipande viwili, kipande cha giza na kipande cha mwanga. Kwenye giza anabakiza gunia moja au mawili hauzi, hata kama mtu anampa bei nzuri hauzi, anayaweka juu ya mbao yasipate unyevu. Mbalamwezi ikiingia dagaa wanaadimika, bei inapanda, ndo anafungua. Na kwenye mchezo wao wa akina mama wanaopeana hela kwa zamu, yeye zamu yake kaomba iangukie siku za mwanga. Anajua tarehe za mwezi mchanga na mwezi mpevu kuliko kalenda ya ukutani. Huyu mama hajui neno "mtiririko wa fedha" na wala halihitaji. Mi ndo nikawageukia watoto nikawaambia fungueni ukurasa mpya, somo la wiki ijayo tumelipata leo.

Tulipoondoka akatufungia dagaa kwenye mfuko, tukasema wabeja sana, ahsante ya Kisukuma, na konda wa daladala ya kurudi akagoma kutupakia kwasababu ya harufu. Alafu nauli ndogo ya mwanafunzi makonda wengi hawaipendi hata mtoto akiwa ananukia marashi, kwaiyo tulisimama sana pale.

Baada ya Igombe ndo nikawapeleka Mwaloni Kirumba, kwa makusudi, ili wamfuate dagaa wa yule mama anapoishia. Hapa nataka niongee kuhusu kazi zaidi kuliko biashara, manake shule huwa tuna ile insha ya "nikimaliza masomo ningependa kuwa", na majibu ni daktari, mwanasheria, rubani, na miaka hii kaongezeka mtangazaji na mchekeshaji. Sina tatizo na rubani. Tatizo ni kwamba mtoto wa Kirumba anapita kila siku kwenye kazi lukuki ambazo hazimo kwenye insha yake kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba zile ni kazi za kusomea.

Nikawagawa wawili wawili, kila wawili wakamfuate mtu mmoja. Mzani wa dagaa una stika, nani kaibandika? Wakala wa Vipimo, na yule anayekuja kuukagua kasomea. Mzigo unaenda Kongo, Rwanda, Burundi, nani anaandika makaratasi ya mpakani? Kuna mawakala wa forodha, na Wakongomani wenyewe kuongea tunaelewana nao kwa Kiswahili chao kile kitamu lakini makaratasi yao ni ya Kifaransa, kwaiyo kijana mwenye Kifaransa cha kuandika pale hakosi mkate. Boti inaingia na injini inakohoa, fundi wa injini za boti anaitwa, na foleni yake ni ndefu kuliko ya kliniki. Wengine wawili walikaa na mama anayeshona midomo ya magunia kwa shazia, analipwa kwa gunia, wakamhesabia kwa saa moja anashona mangapi, wakapiga hesabu ya mwezi, wakagundua siku nzuri anaweza kuzidi mshahara wa mlinzi wa getini shuleni kwetu. Mlinzi wetu hizi habari zimemfikia na hajafurahi.

Kwenye sangara ndo palikua patamu zaidi. Wengi wao wanajua sangara ni minofu inayopanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, hilo wamesikia nyumbani kwa uchungu. Hawakujua kuhusu mabondo. Bondo ni lile puto la hewa lililopo ndani ya samaki, kilo ya mabondo bei yake ni mara nyingi ya kilo ya minofu, yanaenda China wanakula kwenye supu, na kuna watu Mwanza wamejenga maghorofa kwa bondo tu. Mtoto mmoja kasema nyumbani kwao walikua wanampa paka. Nikamwambia kamuombe paka msamaha. Hapa wakaona kwamba samaki mmoja ana masoko manne au matano ndani yake, minofu kwa mmoja, bondo kwa mwingine, kichwa na mifupa kwa mama wa kukaanga pale Igogo, mafuta kwa mwingine, na kila soko lina bei yake na watu wake.

Na nikawasimulia ya 1999 manake wao walikua hata hawajazaliwa. Mwaka ule Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa ziwa lote hili baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu, viwanda vya Mwanza vikayumba, mtu hajavua kwa sumu maishani mwake anakosa kazi kwa sababu ya mwenzake wa ng'ambo ya ziwa. Leo hii Nyegezi kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki, na chuo cha uvuvi kipo huko huko Nyegezi, FETA, mtu anasoma anatoka afisa uvuvi au mtaalamu wa usindikaji. Nikawauliza nani hapa anapenda kemia? Mikono mitatu. Nani aliwahi kufikiria kwamba kemia ya shule inaweza ikawa kazi ya kupima sangara kilomita chache kutoka nyumbani? Hamna mkono. Bila kile cheti cha maabara hakuna minofu inayoondoka, kwaiyo yule mpenda kemia ndo kashika mlango wa biashara nzima.

Niruke niende kwa fundi, manake huyu nampenda. Huyu ni fundi wa kuchomelea huku Nyakato, mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Yeye alikubali daftari liangaliwe, kaunta buku kubwa lina alama za vidole vyeusi kila ukurasa, na alikubali akijua kilichomo, nampa heshima. Watoto wakaanza kusoma, jina la mteja, kazi, bei, advansi, baki. Baada ya muda binti mmoja, yule yule wa chanja, akasema, "fundi, mbona hela ya huyu mteja wa Jumatatu imenunua skwea paipu za geti la mtu mwingine?"

Fundi akajikuna kichwa. Akaeleza. Tuseme geti ni laki nane, mteja anatanguliza laki tano. Hiyo laki tano ilitakiwa inunue vyuma vya geti lake. Lakini geti la mteja wa wiki iliyopita halijaisha kwa sababu advansi yake iliishia kwenye umeme, kodi na ada ya mtoto, kwaiyo advansi mpya inamalizia geti la zamani, na geti jipya linasubiri mteja mwingine aje atangulize. "Mimi sina mtaji," akasema, "mtaji wangu ni mteja wa kesho." Na mteja wa kesho asipokuja? Hapo ndo unasikia mafundi ni waongo, mafundi hawapokei simu. Mi siku zote nilikua najua mafundi wanatuzungusha kwa tabia, nimeshazungushwa sana na mafundi wa kila aina, ila kuona ule mzunguko kwenye karatasi, ukurasa kwa ukurasa, ilinifanya nimuelewe mtu wa namna ile japo bado nitadai kitanda changu kwa fundi mwingine ninayemjua mimi.

Watoto wakaanza kumshauri, unajua watoto wa kidato cha tatu hawana woga. Mmoja kasema afungue bahasha ya kila mteja. Mwingine kasema achukue mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 ikarudi 2024. Fundi kasema anaijua vizuri, ila ni ya vikundi, na yeye kikundi chake cha mwisho kilivunjika kwa sababu katibu alioa. Sijui uhusiano wa katibu kuoa na kikundi kuvunjika lakini fundi alisema kwa uzito kiasi kwamba hakuna aliyeuliza.

Kuna kijana yeye biashara hata haikumvutia, alikua anaangalia mwanga wa mashine tu, kavaa miwani ya fundi hataki kuivua. Akauliza kama mtu akijua hii kazi anaweza kutengeneza meli, manake ile MV Mwanza imeundwa hapa hapa bandari ya Mwanza Kusini, meli ya urefu wa mita 92 na ushee, abiria 1,200, na yeye alikua anaiona ikikua toka yupo shule ya msingi. Fundi akamjibu kwa ukweli ambao mi nisingeweza kuusema vizuri, akamwambia geti likipasuka mteja anakutukana, meli ikipasuka watu wanakufa, kwaiyo kule mchomeleaji anapimwa, ana cheti, na kazi yake inamulikwa ndani kuona kama kuna tundu. Nenda chuo cha ufundi VETA kwanza, alafu uje hapa kwangu ushike mashine mpaka mkono usitetemeke. Yule kijana saivi kila Jumamosi yupo pale anafagia na kupanga vyuma, mamake kanipigia kunishukuru, wiki iliyofuata kanipigia kulalamika kuhusu mashati yaliyotobolewa na cheche.

Kodi nayo tuliigusa hapo hapo kwa fundi, na hii naomba hata wazazi muisome. Watu wengi wanaogopa daftari wakidhani likionekana na TRA, watu wa kodi, wamekwisha. Kwa viwango vilivyopangwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 kodi yake ya mapato ilikua sifuri. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu alikua analipa 100,000, anayetunza alikua analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Nikawapa hesabu, mauzo ni milioni 5, mwenye daftari analipa ngapi? Elfu 30. Asiye na daftari? Laki. Elfu 70 nzima kwa sababu ya kutokuandika! Fundi mwenyewe aliirudia ile hesabu kwenye kikokotoo cha simu mara mbili, alafu akaniomba nimwandikie pembeni kwenye daftari lake.

Wakala wa hela za simu tulikaa naye mchana mmoja tu na sina mengi, kibanda ni kidogo watoto wanasimama juani. Ila waliona kwamba yule dada shida yake sio kukosa hela, shida ni hela kuwa upande usiotakiwa, asubuhi watu wanaweka floti, ile hela ya kwenye simu, inaisha, jioni watu wanatoa keshi inaisha, na muda wote anakimbizana kati ya hivyo viwili ili ale kamisheni ndogo ndogo. Na wakati tupo pale ikaingia ile meseji yetu ya taifa ya matapeli, "ile hela itume kwenye namba hii", dada akawaonyesha, wakacheka, akawaambia msicheke, bibi mmoja wa mtaa huu kaituma kweli.

Kitu kimoja kilichonikaa kichwani muda mrefu ni Kigongo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya ziwa, gari inavuka dakika chache, hakuna asiyefurahi, mi mwenyewe kwetu ni Sengerema na nimeshaacha kubeba blanketi kwa ajili ya kusubiri kivuko. Lakini fikiria waliokua wanauza kwenye ile foleni ya kivuko, mahindi ya kuchoma, mayai, samaki wa kukaanga, maji. Bidhaa yao haikua mahindi peke yake, ilikua ni kwamba mtu yupo pale hana pa kwenda na njaa inamuuma. Foleni ikifa na biashara inakufa hata kama mahindi yako ni matamu vile vile. Nikaiweka darasani kama swali la mtihani, "wewe ni muuza mahindi wa Kigongo, ni Mei 2025, unajua daraja linafunguliwa, unafanya nini?" Nilipata majibu mazuri kuliko yote niliyowahi kusahihisha. Mmoja kaandika atahamia kituo cha mabasi. Mwingine atafungua sehemu ya kupiga picha na daraja na kuuza soda kwa wanaokuja kulishangaa. Mmoja kaandika, "nitauza jiko la mahindi mapema kwa mwenzangu ambaye hasikilizi redio." Nimempa maksi zote alafu nikamwita pembeni tukaongea kuhusu utu.

Sasa walimu wenzangu mnaniuliza ruhusa inakuaje. Barua kwa mkuu wa shule, fomu kwa wazazi, na mwenye biashara aambiwe ukweli kwamba watoto watauliza hela. Msiende wengi, kumi au kumi na wawili inatosha, mkienda darasa zima mnafukuza wateja wa watu na hamtaitwa tena. Msiende siku ya mnada wala mwisho wa mwezi. Na tafadhali, kama mmekaa kwa mama muuza chakula mpaka mchana, kuleni hapo na mlipe, isiwe watu kumi na wawili wamekalia mabenchi ya wateja alafu mnaondoka na ahsante. Kuhusu zawadi ya cheti cha shukrani chenye fremu ya dhahabu, fundi wangu wa Nyakato kasema angependelea disc za grainda, tukachanga tukampelekea.

Muhula ujao tunaenda kwenye mtambo wa barafu, manake boti zinazokusanya sangara visiwani haziendi popote bila barafu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeweza kuniambia barafu ile inatoka wapi na inauzwaje. Mwenye mtambo alitaka tufike saa kumi na moja alfajiri ndo kazi imechangamka. Wazazi wa wavulana wakasaini siku hiyo hiyo, wa wasichana hakuna aliyesaini, na mi sipeleki nusu ya darasa. Nimerudi kwake tukaongea, kumbe Jumamosi saa tisa mchana kuna boti zinapakia kwenda Ukerewe, kelele ni zile zile na mapande ya barafu ni yale yale. Fomu mpya zimetoka leo, zirudishwe Alhamisi, na kila mtoto aje na sweta kwa ajili ya chumba cha baridi.